Mto wa Linani

Chrispinus Shikanga ameua wabaya wengi kuliko mtu yeyote ninayemjua, na wote amewaua kwa mdomo tu. Kazi yake ni kutafsiri filamu katika banda la video pale sokoni Sichirai. Filamu inakwenda kwa Kiingereza au kwa Kichina, naye anakaa kando ya televisheni na maiki yake, akituambia kwa Kiswahili nani anasema nini na nani yuko karibu kupigwa. Siku hizi kila mtoto ana simu na anaweza kutazama filamu akiwa amelala kwao, lakini banda bado linajaa. Watu hawafuati filamu, wanamfuata Chrispinus.

Mimi humsikia bure. Nauza njugu na simsim mbele ya banda, na spika moja imefungwa nje juu ya mlango ili wapita njia washawishike. Watu huniita Mama Tyson, lakini jina langu ni Jelagat. Ni Mnandi niliyeolewa na Mwisukha, mtu wa kabila la huku. Nimekula kuku wao miaka mingi na kuvumilia utani wao kuhusu maziwa yetu, na bado kuna mambo yao yanayonishinda. Aliyekuwa akinieleza mambo hayo ni Muhonja, mke wa Chrispinus, ambaye hukaanga mandazi pembeni yangu.

Chrispinus alikuwa na sheria moja. Filamu haikuisha kwake mpaka aseme kwamba mbaya amekufa. "Amekufa! Amekufa kabisa! Nendeni mkale!" Hapo ndipo watu walipoinuka. Asiposema hivyo, wanabaki kwenye mabenchi wakibishana, maana watu wa banda lile ni wabishi kupita mawakili. Mbaya akianguka kutoka ghorofani, mmoja anasema kwisha, mwingine anasema hatujaona maiti, na wenye kungojea filamu inayofuata wamejaa mlangoni wanatukana. Kwa hiyo Chrispinus aliwatia waigizaji maneno mdomoni. Kama hakuna aliyesema mbaya amekufa, yeye alimtafuta mtu wa kusema.

Kulikuwa na filamu moja ya mchawi aliyekula miaka ya watu. Akimgusa kijana, kijana anageuka mzee papo hapo, naye mchawi anazidi kunawiri. Kwa Kiingereza alikuwa na jina refu lisilotamkika. Chrispinus akamwita Linani, jina la zimwi la hadithi za bibi zao, na msichana shujaa akamwita Nekesa. Mwisho wa filamu Nekesa anamsukuma Linani ndani ya shimo refu, mawe yanaporomoka juu yake, basi. Maiti haikuonekana. Banda likagoma kutoka.

"Nekesa amechungulia," Chrispinus akasema kwenye spika. "Anasema, jamani, nimeona kwa macho yangu mawili, mbavu zote zimevunjika. Linani amekufa. Twendeni nyumbani, nimeacha maharagwe jikoni."

Watu wakacheka, wakatoka.

Halafu ikaja sehemu ya pili. Filamu haijaanza vizuri, Linani huyo amesimama msituni, mzima, anacheka. Kelele zilizotoka humo ndani ziliwafanya hata mbwa wa sokoni wakimbie. "Mkalimani, ulituambia alikufa! Rudisha pesa zetu!" Nilidhani leo Chrispinus atapigwa. Yeye hakumeza hata mate.

"Tulieni, watu wangu. Nekesa aliona vibaya, kulikuwa na giza. Chini ya lile shimo kuna mto. Mto ulimchukua Linani polepole, ukampitisha chini ya mlima, ukamtoa upande ule mwingine kwa watu wasiomjua. Wakampatia uji. Amekaa kwao mpaka mbavu zikaunga, na sasa amerudi."

Wakampigia makofi. Muhonja alikuwa ameshika donge la unga, akacheka mpaka akaliweka chini.

"Huyu bwana yangu angekuwanga pasta," akaniambia, "kanisa ingejaa mpaka nje."

Nilicheka pamoja naye. Laiti tungejua.

Mtoto wao wa kwanza aliitwa Eugene. Alikuwa kijana mrefu, mkimya, mwenye sauti nzuri kama ya baba yake, na baba alitaka kumwachia maiki. Eugene alikataa. Alisema hawezi kuishi kwa kupiga kelele. Akaenda Ikolomani, mbele ya Iguhu, kule ambako vijana huchimba dhahabu kwa sururu na kamba. Hakutajirika, lakini alipopata kidogo alimnunulia mama yake karai jipya, kubwa, na Muhonja akalitangaza soko zima. Mteja hakuweza kununua andazi bila kuambiwa karai lilitoka wapi.

Mwaka jana mvua ya Aprili ilinyesha kama iliyotumwa. Asubuhi moja shimo walimokuwa wakichimba lilijifunga. Ndani walikuwa watatu. Wawili walitolewa wamekufa. Eugene, aliyekuwa chini kuliko wenzake, hakuonekana. Maji yalijaa haraka kuliko pampu ilivyoweza kuyatoa. Tulikaa pale kwenye matope, familia na majirani, siku zikapita, mpaka waokoaji wakaanza kukunja kamba zao. Walisema udongo ni mbaya na hawawezi kupoteza mtu mwingine. Mchimbaji mmoja, kwa nia njema ya kumliwaza mama, akasema kwamba wao wakiwa chini walikuwa wakisikia maji yakitembea nyuma ya mwamba. Mdomo ule ungenyamaza, mengi yasingetokea.

Muhonja hakupiga yowe. Wanawake wengine walilia mpaka wakakauka, yeye alikuwa anaangalia shimo tu. Tulipokuwa tukirudi alinishika mkono.

"Mama Tyson, umesikia? Chini kuna mto."

Nilimwambia ndiyo, mama, nimesikia. Mtu akiwa katika hali ile unamwambia ndiyo kwa kila kitu.

Lakini wiki ziliisha na mto wake haukuisha. Alianza kwenda kando ya Mto Yala, boma hadi boma, amebeba mfuko wenye shati na suruali kavu za Eugene. Anabisha hodi, anasalimia vizuri, anauliza: hamkuona kijana mrefu ametoka kwa maji? Pengine amesahau jina lake. Pengine mbavu zimeumia. Watu walimpa maji ya kunywa, wakamwombea, wakamsindikiza njiani. Karai la Eugene likakaa bila moto, na mimi nikauza njugu peke yangu.

Mwanzoni sikuelewa wazo hilo amelitoa wapi. Nilipoelewa, niliingiwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa kwa Chrispinus. Yeye alijua. Ule mto ni wake, ameutengeneza kwa mdomo wake mbele ya watu, na ananyamaza mke wake akizunguka nchi! Nilijiandalia maneno ya kumwambia. Jumapili moja nikawaona wote wawili wakirudi kutoka mtoni, suruali ya mwanamume imekunjwa, matope mpaka magotini.

"Baba Eugene, na wewe?" nikamwuliza.

"Ningemwacha aje aende pekee yake, Mama Tyson?"

Ndivyo alivyosema. Lakini nilimwangalia usoni, na yale hayakuwa macho ya mtu aliyesindikiza. Na yeye alikuwa ametafuta. Maneno yangu yote niliyoyaandaa nikayameza.

Miezi ikapita. Cleophas, kaka mkubwa wa Chrispinus, akaja na wazee wa ukoo. Walichokuja kufanya ni mojawapo ya mambo ambayo Muhonja mwenyewe alinieleza zamani, tukiwa tunapiga soga. Mtu wao akifa na mwili usipatikane, hawamwachi hivyo. Wanakata mgomba wenye urefu kama wake, wanauvisha nguo zake, wanaulilia na kuuzika kama mtu. Mama kama yuko hai ni lazima awepo na arushe udongo, la sivyo wamezika mgomba tu. Ukishazikwa hivyo, mambo yamekwisha. Na njia ya kurudi imefungwa. Hata mtu mwenyewe akitokea baadaye kwa miguu yake, haingii langoni kama mzima, maana amekwisha kuhesabiwa na wafu. Watachinja kondoo, watasafisha boma, na bado watu watamwogopa mpaka kufa kwake.

Mgomba ulikuwa umekatwa tayari. Uliwekwa chini ya ukuta wa nyumba yao, umevishwa jaketi la Eugene la buluu. Sisi majirani tulikaa kwenye viti vya plastiki, na Cleophas akaanza kwa upole. Ni mtu wa kanisa, hapendi makelele.

"Shemeji, mtoto analala nje. Tumpatie nyumba."

"Na akikuja?" Muhonja akauliza.

"Hatakuja."

"Nimesema akikuja. Akute kaburi yake hapa kwa boma? Atapitia wapi?"

"Mama Eugene, watu hawarudingi kutoka huko."

"Linani alirudi."

Cleophas akawatazama wazee, wazee wakatazamana. "Huyo Linani ni wa kwa nani?"

Siku nyingine ningecheka mpaka nianguke. Ashley, binti yao aliyemaliza kidato cha nne, aliinamisha kichwa. "Ni wa video, baba mkubwa," akasema.

Hapo Chrispinus akasimama. Alikuwa amekonda, koti lilining'inia. Mtu ambaye nimezoea kumsikia akipasua spika, siku hiyo ilibidi tunyamaze ndipo tumsikie.

"Mama Eugene, hiyo mto nilitunga. Watu walikuwa wanataka kunipiga, nikatunga. Kwa ile filamu hakuna mto."

"Ulidanganya watu banda mzima?"

"Ndiyo."

"Hapana." Muhonja alitikisa kichwa bila ukali wowote. "Siku ile ulisema haraka, hukufikiria. Maneno ya haraka ndiyo ya ukweli. Hii ya leo umefikiria na ndugu yako. Leo ndiyo unadanganya."

"Nimechoka," Chrispinus akasema. "Kila siku nalia kwa njia, nalia kwa choo. Nataka mahali moja ya kulilia mtoto wangu."

Wazee wakaangalia chini. Muhonja alimhurumia, niliona, lakini hakusogea. Ndipo Chrispinus akamwomba jambo. Kesho aje bandani, filamu iwekwe bila maiki, Ashley amwambie neno kwa neno yale yanayosemwa kwa Kizungu. Asikie mwenyewe.

Muhonja akautazama mgomba pale chini ya ukuta.

"Nikisikia hakuna mto, nitarusha udongo," akasema.

Alilisema mbele ya wazee wote. Cleophas akaamuru kaburi lichimbwe.

Asubuhi Muhonja alinipitia, akanishika mkono, tukaingia. Miaka yote ile alikuwa hajawahi kukanyaga ndani ya lile banda, filamu zote alizijua kwa spika ya nje. Mwanga uliingia kwenye matundu ya misumari ya mabati. Tukakaa benchi la mbele, Ashley katikati. Chrispinus alitundika maiki msumarini, akaweka flashi, akasogeza filamu ya kwanza mpaka karibu na mwisho.

Linani akaonekana. Nilikuwa nimemzoea kwa sauti ya Chrispinus, nzito yenye mzaha. Sauti yake mwenyewe ilikuwa nyembamba, ya mtu mgonjwa. Nekesa akamsukuma, akaanguka. Mawe yakamfuata. Msichana akasimama ukingoni, upepo unampeperusha nywele.

"Anasema nini?" Muhonja akauliza.

"Hajasema kitu, mama."

"Yale ya mbavu?"

"Hakuna."

"Hasemi amekufa?"

"Hasemi. Anaangalia tu. Halafu anaenda."

Muziki ukapanda, majina yakaanza kupita. Nilimgeukia Chrispinus. Alikuwa ameduwaa. Nadhani alikuwa amesahau. Mto alikumbuka kwamba aliutunga, lakini kifo pia alikuwa amekitunga, na amekisema mara nyingi mno hata akaamini ameambiwa.

"Weka ile ingine," Muhonja akasema.

Akaweka sehemu ya pili. Msitu ukatokea, ukungu, halafu Linani huyo amesimama kati ya miti, mzima, anacheka. Watu wa kijiji wanamwona, wanakimbia. Muhonja akauliza wanasema nini. Ashley akasema wanapiga tu nduru, wanasema amerudi.

"Wanasema ametokea wapi?"

Ashley aliomba baba yake arudishe nyuma. Akasikiliza tena, ameinamisha shingo. Akaomba tusogeze mbele, kidogo kidogo, mahali popote ambapo mtu alifungua mdomo. Nilisikia jogoo wa jirani akiwika nje, na nikamwomba Mungu mtoto yule asikose hata neno.

"Mama," akasema mwisho, na alikuwa analia, "hakuna mahali wanasema. Amekuja tu."

"Hakuna mto?"

"Hakuna mto, mama."

Chrispinus alishusha pumzi, na mimi nikashusha yangu. Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa nimeanza kufikiria kwamba shuka la kujifunga kiunoni kwenye mazishi liko juu ya kamba, limekauka. Chrispinus alinyoosha mkono polepole, akauweka begani kwa mke wake.

Muhonja hakumtazama. Alikuwa anamwangalia Linani, aliyesimamishwa palepale kwenye kioo akiwa ameachama kwa kicheko.

"Basi hata mto hakuhitaji," akasema.

Aliinuka, akakung'uta leso yake, uso umetulia kama wa mtu aliyepokea habari njema. Mlangoni alisimama akamshukuru mume wake kwa kumwonyesha. Alimshukuru kwa moyo wake wote, na hilo ndilo lililomwangusha Chrispinus. Alikaa chini kwenye sakafu ya saruji, miguu imenyooka, akalia kwa sauti kubwa ambayo haikuhitaji spika. Ashley akakimbilia kwake. Mimi nilibaki katikati, sijui nimfuate nani.

Wazee walingoja bomani mpaka jua likapungua. Cleophas alizungumza, akaomba, mwishowe akakasirika akasema mwanamke mmoja ameushinda ukoo mzima. Wakaenda. Kaburi lilikaa wazi mpaka mvua iliyofuata ikaliporomosha kingo. Mgomba ulianza kuoza pale chini ya ukuta. Ashley aliuvua jaketi, akalifua, akalianika, na mbuzi wa jirani wakaumaliza mgomba wenyewe.

Muhonja amerudi kwenye karai. Siku mbili tatu kwa wiki haji, yuko Yala au mbali zaidi, maana sasa hahitaji tena kuufuata mto, anaweza kuuliza popote. Juzi alikuwa Butere. Kesho kutwa anasema atakwenda Isecheno, ndani ya msitu, kwa sababu Linani alitokea msituni. Nimejaribu kumkatalia, nimemkemea, nimemnunia. Ananijibu kwa upole, ananiongezea andazi.

Chrispinus bado anatafsiri, tumbo halina matanga. Anachekesha kama zamani, anawapa waigizaji majina ya watu wa Shinyalu na wa Malava, na banda linajaa. Ila mwisho wa filamu hasemi tena. Mbaya anaanguka, anachomwa, anazama, watu wanapiga kelele, "Mkalimani, amekufa ama hajakufa?" naye anazima maiki. Wanabishana mpaka wachoke. Mwenye banda ameanza kunung'unika.

Wiki iliyopita nilimfuata ndani ya banda filamu ikikaribia kuisha, maiki amekwisha kuizima, nikamwuliza. Nilimwambia, Baba Eugene, ni neno moja tu, liseme watu waende.

"Hiyo neno niliimaliza mimi mwenyewe, Mama Tyson," akasema. "Miaka yote nilikuwanga nasema amekufa na sijaona maiti. Siku ile niliitafuta ya kuzika mtoto wangu nayo, nikakuta haishiki tena."

Akanionyesha mlango kwa kidevu. Nje, kelele za mwisho wa filamu zilikuwa zinatoka kwenye spika, na Muhonja alikuwa ameinua kijiko chake kutoka kwenye mafuta. Alikuwa amegeuza sikio juu, anangoja kuambiwa kama mbaya amekufa. Mandazi yalikuwa yanaungua. Spika ikanyamaza bila kusema kitu, naye akatabasamu, akarudi kuyageuza.